Lakhpat, watu 566 mwisho wa lami

Jumatano, 21 Januari 2026. Ahmedabad hadi Bhuj

Treni ya Namo Bharat imetutoa Ahmedabad jioni na kututua Bhuj usiku mkubwa. Ni ile iliyozinduliwa Septemba 2024, kilomita 360 hivi kwa muda usiofika saa sita, na uzuri wake kwa mwanafunzi wa mipango ya usafiri kama mimi ni kwamba haina habari ya kuweka nafasi. Unakata tiketi dirishani, unapanda, unatafuta kiti. Mwenzangu wa darasani, msichana wa hapa Gujarat, India, aliyekubali kuwa ulimi wangu kwa siku hizi sita, alipitiwa na usingizi tulipovuka Viramgam. Mimi sikulala. Nilikuwa narudia kusoma mstari mmoja.

Mstari huo umo katika majedwali ya sensa ya India. Kila kijiji cha nchi hii kina mstari wake: kaya ngapi, watu ngapi, wangapi wanajua kusoma, basi linafika au halifiki, reli iko umbali gani, barabara ni ya lami au ya udongo. Vijiji vyenye wakazi mwaka 2011 vilikuwa karibu laki sita. Mstari wangu mimi unasema hivi: Lakhpat, wilaya ya Kutch. Mwaka 2001 watu 463 katika kaya 87. Mwaka 2011 watu 566 katika kaya 108.

Basi, ni hayo tu. Ila mahali hapo hapo, mwanzoni mwa karne ya 19, palikuwa na mji unaokadiriwa kuwa na watu 15,000, na majahazi yalikuwa yakitia nanga chini ya kuta zake. Jina lenyewe watu hulieleza kwa neno lakh, yaani laki yetu hii hii tunayohesabia pesa. Mji wa wenye malaki. Neno hilo lilivuka bahari likatufikia Waswahili pamoja na neno gari, ambalo nalo ni la huku. Nimekuja kuangalia mahali ambapo laki zilikwisha, na kuangalia gari gani limebaki.

Alhamisi, 22 Januari. Bhuj hadi Lakhpat

Stendi ya Bhuj alfajiri ina baridi ya kuuma masikio. Wanaume wamejifunga shali kichwani, wanawake wamepakata watoto, na chai inatiwa kwenye vikombe vidogo mno hata unakunywa vitatu ndipo uhisi umekunywa. Nilikuwa na cha pili mkononi mzee mmoja aliposogea karibu yangu akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Wewe natoka wapi, mama?”

Kikombe kilinitikisika. Nikamwambia natoka Kenya, mzee, natoka Garsen.

“Garsen najua. Barabara ya Lamu. Mvua nakuja, gari nakwama.”

Alikuwa fundi wa ujenzi Nairobi, miaka ishirini na minane. Watu wa Kutch wameishi kwetu vizazi na vizazi, wengine tangu enzi za majahazi ya Mandvi na Unguja, wengine tangu reli ya Uganda, kwa hiyo kumkuta si ajabu. Lakini Kiswahili chake kile cha mitaa ya Ngara ya zamani, kikitoka kwenye kinywa kilichovaa shali la sufu katika baridi ya Bhuj, kilinishika koo. Tulikaa kiti kimoja mpaka Nakhatrana. Kijiji chake kiko karibu na hapo. Nilimuuliza kina watu wangapi siku hizi. Akafikiri, akatikisa kichwa.

“Nyumba mingi. Nyumba mazuri. Mtu hapana. Mtoto yangu iko Nairobi, ingine iko London.”

Alipokuwa akishuka nilimpokelea mfuko. Chini ya mti ulikuwapo mkusanyiko wa wazee wenzake, na nyuma yao barabara safi ya lami yenye mistari myeupe. Vijiji vya Kutch vyenye watoto wao ng'ambo vina barabara, vina benki, vina mahekalu mapya, na vina makufuli milangoni. Mtu akisoma mistari ya jedwali peke yake atasema huko usafiri umetatuliwa. Umetatuliwa kweli, ila wa kusafiri walishaondoka.

Baada ya Nakhatrana pori likafunga pande zote mbili. Ni mathenge! Mti ule ule uliotutesa Tana na Baringo, wenye miba inayotoboa kandambili na kugusa mfupa. Hapa wanauita gando bawal, maana yake mgunga mwendawazimu. Wanachoma makaa kwa mti huo, wanalisha mbuzi maganda yake, na wanaulaani kama tunavyoulaani sisi. Katikati ya mathenge hiyo, kilomita kwa kilomita, lami ni nzuri ajabu. Sikutazamia. Kutch ni wilaya kubwa kuliko zote India, kilomita za mraba 45,674. Rwanda yote ingeingia humo na nafasi ikabaki nyingi. Mwaka 2011 ilikuwa na watu 46 kwa kilomita moja ya mraba, wakati wastani wa India ulikuwa 382. Nani anamwaga lami hivi katika nchi iliyo tupu hivi?

Jibu lilijitokeza lenyewe dirishani. Kwanza Mata no Madh, hekalu la Ashapura, mungu wa kike wa Kihindu, ambako kila msimu wa sikukuu ya Navratri watu wa Kutch hutembea kwa miguu kwa maelfu, na kandoni mwa njia kunajengwa mabanda ya kuwapa maji na kuwakanda miguu. Kisha malori ya lignaiti, yale makaa ya kahawia yanayochimbwa upande huu. Kisha magari ya kijeshi, kwa kuwa mbele yetu kuna mpaka wa Pakistan. Mahujaji, mgodi, wanajeshi. Kijiji cha watu 566 kimebahatika kukaa mwisho wa njia ya wakubwa hao. Kingekaa kilomita kumi pembeni kingekuwa na hadithi nyingine, na hadithi hiyo nataka kuisikia pia.

Umbali wote kutoka Bhuj ni kama kilomita 135. Saa za mchana zilikwisha barabarani kwa kuwa tulibadilisha gari na kungoja. Jua lilikuwa linashuka ukuta ulipotokea: mrefu, wa mawe ya kahawia, umezunguka uwanda kama umeambiwa ulinde kitu ambacho hakipo tena. Basi lilipita, likapunguza mwendo, likasimama. Dereva akazima injini, akavua viatu, akatandika blanketi kwenye kiti kirefu cha nyuma.

Nilidhani ni mapumziko. Mwenzangu akanieleza: basi hili linalala hapa. Litaondoka asubuhi.

Tumepokewa kwenye gurdwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, ambayo inasimuliwa kuwa Guru Nanak, mwasisi wa dini yao, alipumzika hapo katika safari zake za kuelekea Makka. Hawakutuuliza dini wala kabila. Tumekaa chini safu moja na madereva wa malori, tumepewa chapati na dengu, tumeosha sahani zetu wenyewe.

Ijumaa, 23 Januari. Lakhpat

Kabla jua halijachomoza tumepanda ngazi za ukuta. Ukuta wote una mzunguko wa kama kilomita saba, na ngome hii ilikuzwa mwaka 1801 na Jamadar Fateh Muhammad, jemadari wa Kutch. Mlinzi wa mpaka alikuwa amesimama juu na bunduki. Alitusalimia, akatuomba tusipige picha upande wa maji. Upande wa maji, basi: tope lililokauka, chumvi nyeupe, kisha mbali kabisa utepe mwembamba unaong'aa. Hiyo ndiyo hori ya Kori. Zamani ulikuwa mkono wa mto Indus.

Mtu wa Tana haelezwi jinsi mto unavyohama. Bibi yangu alikuwa akituonyesha mabonde makavu na kutuambia, hapa nilioga, hapa baba yangu alifunga mtumbwi. Lakini mto wetu huhama kidogo kidogo. Wa hapa ulikatwa. Kwanza katika miaka ya 1760 mtawala wa Sindh, ambayo leo iko Pakistan, aliuziba juu huko ili kuwakomoa watu wa Kutch, na mashamba ya mpunga ya upande huu yakaanza kufa. Halafu tarehe 16 Juni 1819 ardhi ilitetemeka, na kaskazini ya hapa ikainuka tuta refu la makumi ya kilomita, likakata kilichobaki. Watu waliliita Allah Bund, tuta la Mwenyezi Mungu, kwa kuwa lile la kwanza lilijengwa na binadamu na hili halikujengwa na mtu.

Maji yalipoondoka, majahazi yaliondoka. Majahazi yalipoondoka, wafanyabiashara hawakuwa na sababu ya kubaki. Kufikia mwaka 1880 walikuwa wamesalia watu kama 2,500. Hakuna vita vilivyouchoma mji huu, wala tauni iliyoumaliza. Njia yake ilifungwa, na baada ya hapo watu walihesabika kwa kushuka, mwaka hadi mwaka. Nimesoma vitabu vingi vya mipango ya usafiri darasani, na hakuna ukurasa ulionifundisha kama kusimama juu ya ukuta ule.

Baada ya hapo tukafanya kazi tuliyojia. Tumekaa karibu na lango, chini ya kivuli kidogo, na daftari. Kila kinachotoka au kuingia, mstari mmoja. Ukurasa wa basi, ukurasa wa pikipiki, wa magari madogo, wa chhakdo, wa miguu, wa wanyama.

Chhakdo inahitaji maelezo, kwa kuwa sijaiona kwingine. Mbele ni pikipiki: usukani wa pikipiki, taa ya pikipiki, dereva amepanua miguu kama wa boda. Nyuma imeunganishwa na kitanda cha kubebea mzigo chenye magurudumu mawili. Injini ni ya dizeli na sauti yake hutangulia dakika kadhaa kabla yake. Hii iliyopita leo ilikuwa imepakwa maua mekundu na ya kijani, ina pindo za plastiki kwenye kioo, na ndani yake walikuwamo wanawake wanne, mbuzi mmoja aliyefungwa miguu, gunia la unga wa uwele na mtoto aliyesimama akishika mabega ya dereva. Hapa mtu hasemi nimekosa gari mpaka awe amekosa na chhakdo.

Kufikia adhana ya Ijumaa ukurasa wa pikipiki ulikuwa umejaa na tumegeuza upande wa pili. Ukurasa wa basi ulikuwa na mistari miwili. Lakini mwenzangu, ambaye ana jicho kali kuliko langu, alikuwa anaandika alama ndogo pembeni: mwanamume, mwanamke. Pikipiki zote ziliendeshwa na wanaume. Wanawake waliozipanda walikuwa wamepelekwa na mume, kaka au mtoto wa kiume. Katika basi la asubuhi, walio wengi walikuwa wanawake na wasichana wa shule.

Huko ndiko kulikojificha jambo. Ukimuuliza mwanamume wa hapa kuhusu usafiri atakwambia hakuna tatizo, barabara nzuri, kwa pikipiki unafika Dayapar mara moja. Dayapar ndiyo makao ya tarafa. Ofisi zote ziko huko, kituo kikubwa cha afya, sekondari. Ukimuuliza mke wake atakutajia saa. Asubuhi linaondoka saa fulani, jioni linarudi saa fulani. Kati ya saa hizo mbili maisha yake yote ya nje ya kijiji lazima yaenee.

Msichana mmoja wa darasa la tisa alituonyesha pasi yake ya basi, ameihifadhi kwenye mfuko wa plastiki ndani ya kitabu cha hisabati. Wasichana wa shule katika jimbo hili hawalipi nauli. Nilimuuliza angefanya nini kama basi lingekuwa linatoka Bhuj asubuhi badala ya kulala hapa. Hakulielewa swali mara ya kwanza. Kisha akafikiri, akasema lingefika huku mchana. Na mchana shule imeshakwisha. Hakuongeza neno.

Jumamosi, 24 Januari. Kitongojini

Leo tumekwenda pembeni. Mwenye chhakdo alikubali kutupeleka kwenye vandh moja, ndivyo wafugaji wa Kutch wanavyoita kitongoji chao. Sitaitaja jina. Lami tuliiacha nyuma upesi, na kilichofuata ni alama za matairi juu ya udongo mgumu, mathenge ikikwaruza pande zote mbili. Mwiba mmoja ulifanya kazi yake. Pancha. Dereva alishuka, akautoa kwa koleo, akauangalia, akautupa mbali sana na njia ili usimpate mwingine. Tulitembea kilichobaki.

Nyumba ni chache, za udongo na mabati, zimepakwa vizuri na kufagiliwa. Tulipewa mtindi mwepesi wenye chumvi na bizari, na mkate wa uwele uliopakwa samli. Baba mwenye nyumba niliambiwa nimwite kaka, ambayo kwao ni baba mdogo, na kila nilipotamka nilihisi nimemshusha daraja. Yeye aliniita ben, dada. Mabinti zake walicheka nilipowaeleza kwetu kaka ni nani.

Wana ngamia wa kharai, wale wanaoogelea. Huingia kwenye hori maji yakijaa, wakavuka mpaka visiwa vya mikoko, wakala majani siku kadhaa, kisha wakarudi. Nilikuwa nimesoma habari zao na sikuwa nimeamini mpaka nilipoona chumvi imekauka kwenye manyoya ya tumbo.

Sasa barabara. India ina mpango mkubwa wa barabara za vijijini, Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana, ulioanza tarehe 25 Desemba 2000. Lengo ni kila kitongoji kisichofikiwa kipate barabara moja inayopitika misimu yote. Moja tu, lakini ya uhakika. Ni kazi kubwa na imebadilisha nchi. Nasema hivyo nikiwa nimepita juu ya lami yake. Kigezo chake ni idadi ya watu. Tambarare, kitongoji kiwe na watu 500 au zaidi. Milimani, maeneo ya makabila na jangwani, 250. Awamu ya nne iliidhinishwa Septemba 2024: vitongoji 25,000, kilomita 62,500 za barabara, na watu watakaohesabiwa ni wale wa sensa ya 2011.

Angalia mambo mawili hapo. La kwanza, mwaka 2011 ni zamani. Sensa iliyofuata ilikuwa ifanyike 2021, ikaahirishwa kwa sababu ya korona, na sasa tarehe iliyotangazwa ni 1 Machi 2027, orodha ya nyumba ikitangulia mwaka huu. Na hata ile ya 2001 haikwenda sawa Kutch. Ilipangwa Februari, tetemeko likapiga Januari 26, na wilaya yote haikuweza kuhesabiwa kwa wakati, namba za kwanza zikawa makadirio. La pili ni jinsi kitongoji kinavyoelezwa katika kanuni: ni mkusanyiko wa watu wanaoishi mahali ambapo hapabadiliki na wakati.

Hapabadiliki. Nilimtafsiria mzee maneno hayo kupitia mwenzangu. Akanyamaza kidogo, akaelekeza fimbo yake kwenye ngamia. Mvua zikikosa, alisema, hatuwezi kubaki hapa na wao wafe. Tunaondoka. Mvua zikinyesha tunarudi, milango yetu ni hii hii.

Nimeyasikia maneno hayo Tana, kwa Kiorma. Karani wa sensa anafika, anakuta boma halina watu, anaandika sifuri, anaondoka. Na sifuri hiyo inakaa katika jedwali miaka kumi ikikataa kisima, ikikataa zahanati, ikikataa barabara. Hawa hapa, hata wakihesabiwa wote siku watakapokuwa wamerudi wote, hawafiki 250. Sidhani wanafika hata nusu. Kwa hiyo barabara haiji. Na kwa kuwa barabara haiji, vijana wanahamia penye lami, na idadi inashuka zaidi. Ni lile lile la mto wa Lakhpat, isipokuwa hapa hakuna tetemeko la kulitupia lawama. Kuna namba iliyochaguliwa na watu, na namba iliyochaguliwa na watu inaweza kubadilishwa na watu. Mtoto wa hapa anatembea mpaka lami kabla hajaanza kulingoja basi. Sioni kwa nini mtoto mmoja ahesabike kuwa na miguu mizuri zaidi ya mwingine kwa sababu majirani zake ni wachache.

Tumerudi giza likiingia. Tairi lilishazibwa.

Jumapili, 25 Januari. Lakhpat

Siku ya utulivu. Asubuhi tumezuru kaburi la Pir Ghaus Muhammad, walii wa Kisufi, kuba lake limechongwa mawe kwa maua na aya. Wazee wanasema tetemeko la 2001 lilipopiga walitoka nje wakiwa hawajui wakimbilie wapi, kwa kuwa kilichokuwa kinaanguka kilikuwa ni mji uliokufa na kilichobaki kusimama ni nyumba za walio hai.

Mchana tulikaa na mhudumu wa afya wa kijiji, anayeitwa ASHA kama wenzake wote nchini. Ana daftari lake la wajawazito. Tulitaka kujua wakati wa uchungu wanafanyaje. Unapiga 108, akasema, gari la wagonjwa linakuja. Huduma hiyo Gujarat inayo tangu 2007, na ukishajifungua hospitali kuna gari jingine la serikali, Khilkhilat, la kukurudisha nyumbani na mtoto wako bure. Alisema kwa fahari na ana haki ya fahari hiyo. Kisha akafungua ukurasa mwingine. Mama ambaye mimba yake ina wasiwasi hangoji kupiga simu. Anahama. Siku zikikaribia anakwenda kukaa kwa ndugu Bhuj, wiki mbili, wiki tatu, kwa kuwa gari la wagonjwa nalo lazima litoke mahali lifike hapa, kisha lianze safari ya kurudi. Mwenye ndugu Bhuj anahama. Asiye na ndugu huko, ASHA humtafutia.

Hilo haliko kwenye mstari wa jedwali langu. Jedwali linauliza, hospitali iko umbali gani. Haliulizi, una ndugu karibu nayo?

Nilimwuliza sasa kijiji kina watu wangapi. Hakwenda kwenye daftari. Alianza kwenye lango, akataja nyumba moja baada ya nyingine kwa vidole, nani kaolewa wapi, nani kaenda mgodini, nani karudi na watoto, mpaka vidole vikarudi mara nyingi na chai ikapoa. Mwisho akanipa namba. Siiandiki, kwa kuwa ni yake na sensa itakuja na ya kwake. Ila ni zaidi ya 566.

Jioni basi liliingia. Dereva yule yule. Kabla hajavua viatu alizunguka akigonga matairi kwa kisigino, akamwomba mtoto mmoja ndoo ya maji, akaosha kioo cha mbele.

Jumatatu, 26 Januari. Kurudi

Sikukuu ya Jamhuri, na miaka 25 kamili tangu tetemeko. Lilipiga saa mbili na dakika 46 asubuhi, saa ambayo watoto wa shule walikuwa wamejipanga kwa gwaride. Kule Anjar, mji mwingine wa Kutch, wengi wao walifukiwa wakiwa wanaandamana na bendera mikononi. Jana usiku nililala nikilifikiria hilo.

Tulifika kwenye basi kukiwa bado giza. Umande umelowesha madirisha. Kondakta alikuwa anakunja blanketi lake, dereva ameshika kikombe. Walipanda wanaume wawili wenye magunia, mama mmoja na mkwewe, kisha wasichana wawili wa sekondari, sare zimepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, nywele zimesukwa na riboni, bendera ndogo za karatasi mkononi. Miguuni wamevaa kandambili. Viatu vyeupe vya gwaride wamevibeba kwenye mfuko ili visishike vumbi.

Injini ikawashwa. Dereva akatazama kwenye kioo chake, akahesabu, akauliza kitu. Mwenzangu akaninong'oneza: anasema ni wawili, wa tatu yuko wapi?

Wasichana wakasema anakuja. Dereva akangoja. Mmoja wa wenye magunia akanung'unika. Kondakta akamjibu neno moja akanyamaza. Basi likatetemeka pale pale, moshi ukipanda kwenye ukuta wa ngome, mpaka mtoto akatokea mbio kwenye kichochoro, mkono mmoja umeshika riboni isiyofungwa na mwingine mfuko wa viatu. Ni yule wa pasi ndani ya kitabu cha hisabati. Alipanda akihema. Wenzake wakamfunga riboni kabla hatujafika Ghaduli.

Dayapar waliteremka. Palikuwa pamepambazuka, na kutoka shuleni sauti ya ngoma ya gwaride ilikuwa imeshaanza. Walikaa kwenye ngazi ya basi wote watatu, wakavaa viatu vyeupe, wakazisukuma kandambili ndani ya mfuko mmoja. Kisha yule wa mwisho akazunguka mbele, akasimama chini ya dirisha la dereva, akamwuliza jambo. Dereva akainama kumjibu, akionyesha kwa kidole ardhi iliyokuwa chini ya matairi yetu.

Nilimuuliza mwenzangu amesema nini.

“Amesema jioni atasimama hapa hapa. Wasikimbie, atawangoja.”